Fremu ya kaboni inunuliwe kwa venia, si kwa picha

Mhariri,

Matangazo ya fremu za kaboni za baiskeli za milimani kutoka China yamezagaa mitandaoni, na vijana wanachangishana fedha na kuagiza. Hatuna ugomvi na kaboni, yaani nyuzi zilizogandishwa kwa gundi tabaka kwa tabaka. Fremu ya gurudumu la inchi 29, isiyo na springi nyuma, huwa na uzito wa kilo 1.1 hadi 1.3 hivi, na ikifungwa vizuri inadumu. Ugomvi wetu ni jinsi zinavyouzwa: picha inayong'aa, bei, na herufi M au L. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kila tundu la fremu lina kipimo chake cha kupimwa kwa venia, kile kifaa cha kupimia milimita, na kimoja kikikosewa, vipuri ulivyopanga kuhamishia vinabaki kuwa mapambo ya ukutani.

Tuanze na nyuma. Fremu nyingi za sasa zinataka habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya upana wa milimita 148 na ekseli ya kupenya, mhimili unaopita katikati yake, ya milimita 12. Baiskeli nyingi za zamani zina habu ya 135 yenye klipu, na za katikati zina 142. Kati ya 142 na 148 ni milimita 6 tu, na hutakosa fundi wa kukwambia "itabanwa, itakaa." Kwenye fremu ya chuma angeweza kujaribu, maana chuma kinapinda na kubaki kilipopindwa. Kaboni haina tabia hiyo. Ukiibana, tabaka za nyuzi zinaachana kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa nzima, na hutajua mpaka siku unateremka.

Ekseli yenyewe ina mtego wake. Kipenyo ni 12, lakini uzi wake unaweza kuwa wa hatua, yaani umbali wa jino hadi jino, ya milimita 1.0, 1.5 au 1.75, na urefu pia unatofautiana. Ekseli ya 1.5 ikilazimishwa kwenye fremu ya 1.0, uzi wa alumini uliogandishwa ndani ya kaboni unachubuka. Kwa hiyo muuzaji aulizwe kama ekseli inakuja na fremu, na ni ya uzi gani. Aulizwe pia kuhusu hanga ya dereila, kile kipande kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Kama fremu inatumia hanga ya UDH, ile ya aina moja kwa fremu za kampuni nyingi, iliyoanzishwa na kampuni ya vipuri ya SRAM mwaka 2019, utaipata kokote. Kama ina hanga yake ya kipekee, agiza mbili za akiba kwenye sanduku hilohilo, kwa sababu jiwe moja la njiani linatosha kupindisha hiyo ya kwanza.

Sasa kitovu cha krenki, pale inapozungukia mikono ya pedali, ambako ndiko fedha nyingi hupotea. Kuna fremu zenye uzi, ambao mafundi wanauita BSA, na kuna zenye tundu laini linalopokea vikombe vya kugandamizwa. Ukiwa na hiari, chukua ya uzi. Kikombe cha kulia kinafungwa kinyume, yaani kushoto, na hapo ndipo wasiojua huua uzi siku ya kwanza. Paka grisi, anza kwa vidole mizunguko mitatu au minne, kisha kaza kwa 35 hadi 50 Nm (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa vikombe vya baiskeli za milimani vya kampuni ya Shimano, tundu la upana wa milimita 73 linapokea pete moja ya milimita 2.5 upande wa kulia. La 68 linapokea tatu, mbili kulia na moja kushoto. Pete hizo zikisahauliwa krenki ama inakaba, ama inacheza.

Ikiwa fremu ni ya kugandamiza, mfano ile ya tundu la milimita 41 na upana wa 92, chukua venia upime tundu mara nne: kulia na kushoto, wima na mlalo. Namba zikipishana, tundu ni yai, si duara. Likizidi 41 hata kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, kikombe kitacheza na baiskeli italia kwi-kwi kila unapokanyaga pedali, na hakuna grisi itakayoinyamazisha. Usipigilie vikombe kwa nyundo na kipande cha mbao. Vinaingia mshazari, vinakwangua kaboni, na goroli zinakufa mapema. Tumia bolti ndefu yenye washa pana pande zote mbili, uvute polepole.

Mbele, soma maandishi madogo yaliyochongwa kwenye beringi za hedseti, zile zinazozungushia usukani. Kipenyo huwa 42 juu na 52 chini kwenye fremu nyingi za aina hii, lakini kuna pembe pia: 45 kwa 45, au 36 kwa 45. Beringi yenye pembe isiyo yake itaingia, itazunguka, na itaonekana sawa. Kumbe imekalia ukingo tu na inakata kiti chake taratibu. Foku, yaani uma wa gurudumu la mbele, ya shingo nyembamba iliyonyooka inaweza kukaa kwenye fremu ya shingo pana kwa kuongeza pete ya chini. Kinyume chake hakiwezekani. Na fremu iliyochorwa kwa foku ya safari (mwendo wa springi) ya milimita 100 isivalishwe ya 140 kwa kupenda sura. Kila milimita 20 zinalaza mbele kwa karibu digrii moja, na mkono mrefu wa foku unaongeza mzigo palepale ambapo bomba la mbele linaungana na mengine.

Foku zenye springi karibu zote zina shingo ya alumini, kwa hiyo nati ya nyota, ile inayoshika bolti ya juu ya usukani, inapigiliwa ndani kama kawaida. Ukifunga foku ngumu yenye shingo ya kaboni, nyota ni marufuku. Inachana nyuzi kutoka ndani. Hapo inatumika ekspanda, plagi inayotanuka ndani ya shingo bila kuichana. Kukata kaboni kuna adabu yake: zungushia utepe, tumia msumeno wa meno madogo, 32 kwa inchi, lowesha kwa maji, kata nusu upande mmoja kisha geuza, na vaa barakoa maana vumbi lake halifai mapafuni. Acha shingo iwe chini ya pete ya juu kwa milimita 3.

Nguzo ya siti ndiyo inayovunja fremu nyingi, na kosa huanza na grisi. Fundi aliyezoea chuma anapaka grisi, nguzo inateleza, anakaza. Inateleza tena, anakaza zaidi, mpaka bomba la siti linatoa mlio mmoja mkavu, kaa! Kinachotakiwa ni pesti ya kaboni, ile yenye chembechembe kama mchanga laini. Inashika kwa 5 Nm, na nguzo haishuki. Zamisha angalau milimita 100, na mwisho wa nguzo uvuke chini ya kiungo cha bomba la juu. Bila spana ya torki, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, kazi hii isianzwe. Spana ya kuanzia 2 hadi 20 Nm inatosha kwa stemu (kishikio cha usukani), siti na breki. Mkono wa mtu, hata fundi wa miaka 20, haujui tofauti ya 5 na 9.

Kwa wasomaji wa Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa tunaongeza jambo moja. Kaboni inapitisha umeme, na alumini ikigusana nayo kwenye unyevu wa chumvi inaliwa. Inatoa unga mweupe, inavimba, na nguzo inaganda ndani ya fremu kana kwamba imechomelewa. Kila baada ya miezi miwili ichomoe, futa pande zote, paka pesti upya.

Breki tuzipitie haraka. Kama umezoea breki ya mbele mkono wa kulia, sema kabla bomba halijapitishwa ndani ya fremu, kwa sababu seti nyingi huja kinyume. Ukikata bomba, badilisha kipingili cha shaba na sindano yake. Vya zamani havirudiwi. Breki za mafuta ya madini zisitiwe mafuta ya breki ya gari, mipira yake itavimba na pistoni zitakwama. Tairi la nyuma liache angalau milimita 6 kila upande. Udongo wa volkano wa Meru na Kilimanjaro ukiloa na kushikana na tairi unasaga miguu ya nyuma ya fremu kama msasa.

Kuhusu gharama, bei ya kwenye tangazo ni mwanzo tu. Forodha inakokotoa juu ya bei, usafiri na bima kwa pamoja. Tuseme fremu ni dola 400 na usafiri dola 120: VAT ya asilimia 18 ya Tanzania peke yake inapita dola 93, kabla ya kuhesabu ushuru, ambao nao unaingizwa kwenye hesabu ya VAT. Hakikisha wakala ameandika fremu chini ya namba ya forodha 8714.91, isije ikapita kama baiskeli kamili, ambayo ni 8712.

Sanduku likifika, lifungue mbele ya aliyelileta. Chukua sarafu, gonga fremu sentimita kwa sentimita. Kaboni nzima inajibu ti-ti-ti. Iliyoachana ndani inajibu du, sauti nzito kama ya kadibodi. Sauti hubadilika kidogo karibu na viungo kwa sababu tabaka ni nene, hivyo linganisha kushoto na kulia, mahali palepale. Na kama fremu imebandikwa nembo ya kampuni kubwa kwa bei ya kutupwa, usiulize hata vipimo.

Ombi letu kwa wauzaji wa Kariakoo na wale wa Nairobi ni dogo, na gazeti hili linaweza kulisukuma kwenye kurasa zake za matangazo: picha ya fremu isitoke bila mistari miwili chini yake, pamoja na cheti cha ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli. Mfano: "Nyuma 148 × 12, uzi 1.0, hanga UDH. Krenki BSA 73. Siti 31.6. Hedseti 42/52, pembe 45/45. Foku milimita 100. Imepimwa kwa ISO 4210, cheti kipo."

Mafundi baiskeli,
Arusha