Tajiri, usikabidhi funguo peke yake

Mhariri,

Duka la vifaa vya ujenzi likifungua tawi la pili na mauzo yakayumba, lawama ya kwanza humwangukia muuzaji: vijana wa siku hizi si waaminifu. Wizi upo, sikatai. Lakini mara nyingi tajiri amekabidhi funguo huku uamuzi wote akibaki nao kwenye simu yake. Fundi akiomba apunguziwe Sh500 kwa mfuko wa saruji, muuzaji anapiga simu. Tajiri yuko benki, hapokei. Fundi anavuka barabara kwa jirani.

Weka mipaka kwa shilingi, na uiandike. Kwa mfano, muuzaji apunguze hadi Sh500 kwa mfuko bila kuuliza, na atumie hadi Sh50,000 kwa wiki kwa makuli, usafi na umeme, kila matumizi na stakabadhi yake. Kukopesha kubaki kwa mwenye mali kwanza, maana fundi akishahamia saiti nyingine, deni lake kulipata ni kazi.

Kuagiza mzigo ndiko wengi wanakong'ang'ania bila sababu, wakati ni hesabu tu. Duka likiuza mifuko 40 kwa siku na lori likachukua siku 3 kufika, hiyo ni mifuko 120. Ongeza akiba ya siku 1. Ikibaki 160 stoo, muuzaji aagize, asisubiri kuambiwa. Ila anayeagiza asipokee peke yake. Mtu wa pili ahesabu mifuko ikishuka, na iliyochanika iandikwe kabla lori halijaondoka. Likishaondoka, hasara ni yenu.

Jioni, ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine ya EFD ya risiti za kodi, ilingane na fedha taslimu ukijumlisha zilizoingia kwa lipa namba. Hiyo namba iwe ya biashara, isiwe ya simu ya muuzaji. Kuhesabu mzigo wote kila siku ni kuchoshana. Chagua bidhaa 10 zinazotoka sana zihesabiwe kila jioni, nyingine zisubiri mwisho wa mwezi.

Misumari ina mambo yake. Inanunuliwa kwa katoni, inauzwa kwa kilo, na kila anapopima muuzaji huongeza michache ili mzani usimpunje mteja. Katoni ikiisha, kilo zimepungua na hakuna aliyeiba. Fuatilia katoni chache za mwanzo ujue upungufu wa kawaida ni kiasi gani, ndipo umhoji mtu.

Kinachobomoa utaratibu wote huu ni mteja kumpigia tajiri na kupewa bei nafuu kuliko aliyotajiwa dukani. Kesho yake hakuna atakayemsikiliza muuzaji, wote watapiga simu. Mteja wa namna hiyo ajibiwe: "Malizana na dada hapo dukani, yeye ndiye mwenye bei."

Mtunza hesabu za maduka,
Mwanza