Asante, daktari wa meno wa Kigoma

Daktari, hukutaka jina lako litajwe, lakini sisi wa kliniki tunakushukuru kwa moyo wote. Kidonda kwenye mdomo wa chini, kimoja, kigumu pembeni, kisichouma: wengi wangetoa dawa ya kusukutua tu. Wewe ulivaa glavu, ukapapasa tezi chini ya taya, ukaagiza kipimo cha kaswende. Majibu yakaja hasi, hukuridhika (wiki za mwanzo kipimo huweza kukosa kuuona ugonjwa), ukarudia baada ya wiki 2, kaswende ikaonekana, ukatuletea mgonjwa na barua ya rufaa iliyojaa. Akachomwa benzathini penisilini yuniti milioni 2.4, nusu kila tako. Mwenza naye akatibiwa. Kidonda kile hujifunga chenyewe wiki 3 hadi 6, huku ugonjwa ukiendelea ndani. Ungemwacha aende, tusingemwona.