Karatasi za mkopo wa chuo zikusanywe tangu kidato cha tano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wazazi, walezi na wakuu wa shule za sekondari juu ya desturi ambayo kila mwaka inawaponza vijana wanaostahili mkopo wa elimu ya juu, nayo ni ile ya kusubiri matokeo ya kidato cha sita ndipo maandalizi ya chuo yaanze.

Wengi wanaamini kwamba kijana hawezi kuomba mkopo mpaka awe na majibu ya chuo mkononi. Sivyo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na kwa miaka ya karibuni dirisha la maombi limekuwa likifunguliwa karibu na Juni, ilhali matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Udahili huombwa moja kwa moja chuoni, kwa utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na mkopo huombwa kwenye mfumo wa Bodi, na mambo haya mawili huenda sambamba.

Fomu yenyewe haina ugumu mkubwa. Kinachowakwamisha watu ni vielelezo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), au kwa aliyezaliwa Zanzibar na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na aliyefiwa na mzazi anatakiwa awe na cheti cha kifo ambacho nacho kimehakikiwa. Katika familia nyingi za vijijini baba alizikwa miaka mingi iliyopita, kibali cha mazishi kikawekwa mahali kikapotea, na hakuna aliyewaza kusajili kifo chake kwa kuwa hapakuwa na mirathi ya kugawana wala akaunti ya benki ya kufunga. Mtoto ni yatima, kijiji kizima kinajua, lakini bila cheti hicho hana cha kuithibitishia Bodi. Kusajili kifo cha zamani kunataka maelezo ya ndugu, barua ya mtendaji na safari za wilayani, na mjane mwenye shamba la kupalilia hawezi kuyamaliza hayo ndani ya wiki mbili za mwisho wa dirisha.

Yapo pia majina. Nimeshika mkononi cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa Mwanahamisi na cheti cha kidato cha nne cha msichana huyo huyo kilichoandikwa Hamisa, kwa sababu aliyempeleka kuandikishwa darasa la kwanza alikuwa shangazi yake, naye alilitaja jina analoitwa nyumbani. Tofauti kama hiyo hurekebishwa kwa taratibu za kisheria zinazotaka muda na fedha, na mwanafunzi wa kidato cha tano ana muda ambao mhitimu hana.

Mhitimu hana muda kwa sababu moja ambayo wazazi huisahau. Baada ya mitihani ya Mei, vijana wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na katika miezi ambayo dirisha la mkopo liko wazi wako kambini Mafinga, Ruvu, Msange au Bulombora, mbali na serikali ya mtaa inayopaswa kugonga mhuri, mbali na mdhamini anayepaswa kutia saini, na mara nyingi bila simu. Maofisa wa Bodi wamekuwa wakiwafuata huko kuwaelimisha, jambo ninalowashukuru kwa dhati, lakini ofisa aliyeko kambini hawezi kumtafutia kijana cheti cha marehemu baba yake.

Kwa upande wa udahili, maandalizi yanapaswa kutangulia zaidi, kwa maana anayejaza tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, akiwa kidato cha nne tayari amechagua baadhi ya milango ya chuo na kuifunga mingine. Aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hataingia udaktari kwa sifa za kidato cha sita hata akipata alama za juu kabisa. Mwongozo wa udahili wa TCU hutolewa kila mwaka na unaeleza sifa za kila programu. Wa mwaka uliopita unatosha kabisa kumwongoza mtoto wa kidato cha nne, na ningependa kuuona ukutani katika kila ofisi ya taaluma.

Wazazi nao wasiufanye mkopo kuwa tegemeo pekee. Hutolewa kwa kupima uhitaji, na aliyepata huweza kupewa sehemu tu ya ada, wakati hata katika vyuo vya umma ada ya shahada nyingi ni shilingi milioni moja na zaidi kwa mwaka. Fedha ya kujikimu nayo huweza kuchelewa kufika, kwa hiyo nauli, godoro na chakula cha majuma ya kwanza ni vya familia, na familia iliyoanza kuweka akiba kidogo kidogo kidato cha tano haitauza mbuzi kwa bei ya hasara mwezi Oktoba. Wazungumze pia na mtoto kuhusu marejesho, kwa kuwa akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Ninawaomba wakuu wa shule waitishe kikao cha wazazi wa kidato cha tano katika muhula wa kwanza, kila mwanafunzi aje na cheti chake cha kuzaliwa na majina yalinganishwe palepale. RITA nao, ambao wameweza kupeleka usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano hadi kwenye ofisi za kata na vituo vya afya, watenge siku za kufika katika shule zenye kidato cha tano, pamoja na ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, wahakiki vyeti na kupokea maombi ya vyeti vya vifo kabla wanafunzi hawajafunga kwa likizo ya Desemba.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro