Nani alipie simu ya dharura ya mpakani?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuliandikia, lakini taarifa yenu kuhusu halmashauri mbili jirani zilizovunja mazungumzo ya kuendesha kwa pamoja kituo cha kupokea simu za dharura imenishinda kuinyamazia. Mliripoti kwamba kubwa inakataa kumbeba mwenzake, na ndogo inakataa kulipa nusu wakati simu zake ni chache. Hoja zote mbili ninazielewa. Nisichokielewa ni vikao vyote hivyo kuisha bila yeyote kumtaja anayepiga simu.

Mimi nimewahi kuwa mpigaji huyo. Usiku mmoja mdogo wangu aligongwa na pikipiki kwenye daraja lililo mpakani mwa halmashauri mbili, nami nikapiga namba ya dharura nikiwa nimepiga magoti kando yake. Simu ya mkononi haifuati ramani ya utawala. Hunaswa na mnara unaoipata vizuri zaidi, na mnara ule ulikuwa ng'ambo. Mpokeaji alinisikiliza kwa upole, akauliza tuko upande gani wa daraja, kisha akasema eneo hilo si lao na kwamba ananihamishia kwa wenzao. Simu ikakatika. Nikapiga tena, ikaangukia kituo kilekile, kwa mtu mwingine, nikaanza maelezo upya tangu jina langu, huku mdogo wangu akiuliza kwa nini nabishana na watu. Zilipita dakika 11 kabla ya gari la wagonjwa kuagizwa, na lililokuja lilitoka mbali, ilhali jingine lilikuwa limeegeshwa karibu, ng'ambo ya mto, na hakukuwa na makubaliano ya nani angelipia safari yake likivuka mpaka. Mguu wa mdogo wangu haujapona sawasawa hadi leo. Simlaumu mpokeaji, kwa kuwa hakuwa na mamlaka ya kuagiza gari nje ya eneo la mwajiri wake. Nawalaumu wanaojua kwamba kituo kidogo na kikubwa vyote vinahitaji mitambo, umeme wa akiba na watu wa zamu usiku kucha, hata kama simu zikiingia tano tu, na bado wanaona heri kulipia viwili vinavyosukumiana wagonjwa.

Jambo hili si geni. Novemba 1935 moto uliua wanawake watano katika mtaa wa Wimpole, London, na jirani aliyejaribu kuwaita zimamoto akajikuta kwenye foleni ya simu. Alimwandikia mhariri wa gazeti la The Times, na Juni 1937 namba 999 ikaanza kutumika jijini humo. Namba moja, hata hivyo, haisaidii kitu iwapo nyuma yake kuna vituo visivyozungumza.

Na kuna jingine linaloniudhi vilevile, nalo ni fedha zenyewe. Nchini Marekani watumiaji wa simu hutozwa ada kwa ajili ya huduma ya 911, lakini baadhi ya majimbo yamekuwa yakiipeleka kwenye matumizi mengine, hata sheria ya mwaka 2008 ikaagiza Bunge lipewe taarifa kila mwaka kuhusu jinsi ada hiyo inavyotumika. Tozo inayokatwa kwa jina la dharura ikiishia kuziba mapengo ya bajeti, mwananchi ameibiwa.

Ninapendekeza hivi. Gharama zisizobadilika, yaani jengo, mitambo na mishahara ya zamu, zigawanywe kwa idadi ya watu. Zinazobadilika zigawanywe kwa wastani wa simu za miaka 3 iliyopita, ili mwaka mmoja wa mafuriko usiifilisi halmashauri ndogo. Fedha zikae katika akaunti ya peke yake, ikaguliwe na mkaguzi wa nje, na anayetaka kujitoa atoe notisi ya miezi 18. Mkataba uagize gari lililo karibu liende kwanza, hesabu zifuate baadaye. Wenyeviti wa halmashauri zote mbili wausaini usiku, wakiwa juu ya daraja lile, baada ya kila mmoja kupiga namba ya dharura kwa simu yake mwenyewe na kusikia ni kituo gani kinapokea.

Msomaji wenu wa siku nyingi