Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaoandika Filamu za Vichekesho

Wanangu,

Nimesoma miswada mliyoniletea, na katika mingi nimemkuta maskini akianguka, akilewa na kuropoka ili tumcheke, pasipo kuambiwa hata mara moja kwamba jana alikula nini. Jambo hilo limenikosesha raha. Kwa hiyo nawaomba mketi, kwa utulivu na zaidi ya mara moja, muitazame filamu ya Kiitaliano iitwayo I soliti ignoti, aliyoiongoza Mario Monicelli mwaka 1958. Jina hilo ni msemo wa magazeti ya huko kila wizi unapotokea: ni wale wale wasiojulikana.

Kisa chake ni chepesi. Watu hohehahe wa Roma wanapanga kuingia usiku katika nyumba isiyo na mtu, watoboe ukuta, watokee katika duka la rehani la jirani na kuvunja kasiki. Monicelli na waandishi wenzake, Age, Scarpelli na Suso Cecchi d'Amico, walikuwa wakizifanyia mzaha filamu za ujambazi kama Rififi ya mwaka 1955, ambamo wezi hodari hufanya kazi yao karibu nusu saa bila kutamka neno. Mzaha peke yake, hata hivyo, usingedumu miaka yote hii.

Mtazameni Tiberio, anayeigizwa na Marcello Mastroianni. Ni mpiga picha aliyekwisha kuuza kamera yake, mkewe yuko jela kwa sababu ya sigara za magendo, naye amebaki na mtoto mchanga anayelia, huku akijadili wizi na wenzake. Mtazameni na mzee Capannelle, ambaye karibu kila anapotokea ana kitu mdomoni. Mtazamaji mwenye haraka atasema ni mlafi, lakini mimi naona njaa ya mtu aliyezoea kula pale anapopata, kwa kuwa hajui atapata tena lini. Na Cosimo, aliyeuleta mpango wenyewe, anajaribu kupora mkoba na kuishia kufa chini ya tramu. Wengi wenu mngekifuta kifo hicho mkihofia kuharibu kicheko. Monicelli alikiacha, na tangu hapo kila tunachokicheka kina uzito.

Vittorio Gassman, aliyeigiza bondia Peppe mwenye kigugumizi, alikuwa akijulikana kwa tamthilia nzito za jukwaani, na watayarishaji walisita kumpa nafasi katika vichekesho. Alifaa kwa sababu hakuigiza kana kwamba anachekesha. Peppe anaamini kabisa kwamba yeye ni jambazi mkubwa.

Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, ikapata mwendelezo mwaka 1959 na mwingine mwaka 1985, na Wamarekani wakaiunda upya zaidi ya mara moja; hata Bob Fosse, mwongozaji wao maarufu wa michezo ya muziki na dansi, aliigeuza kuwa mchezo wa muziki wa jukwaani mwaka 1986. Kwa maoni yangu, wengi walioiga waliuchukua ukuta wakaiacha njaa.

Maana ukuta wenyewe, wanangu, siyo. Baada ya jasho la usiku kucha wanautoboa ule unaotenganisha chumba cha kulia na jiko la nyumba ile ile. Hawagombani sana wala hawalii. Wanakuta sufuria ya tambi zilizopikwa na dengu, wanaketi mezani kama watu wa nyumba moja, wanakula na kuzungumza taratibu, kwa sauti za watu waliochoka. Hakuna anayedharauliwa pale, na mimi bado hucheka huku koo limenikaba.

Kabla hamjaniletea muswada mwingine, niandikieni ukurasa mmoja kuhusu kila mhusika: analala wapi, anadaiwa na nani, na jana usiku alikula nini. Nitausoma huo kwanza.

Ni mimi mzee wenu.