Paa la zizi

Ndugu yangu Mollel,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Uliuliza kwa nini kule Ladakh, milimani kaskazini mwa India, fedha za kumhifadhi chui wa theluji zinaishia kuezeka mazizi. Ni kwa sababu uadui naye huanzia zizini, tena kwa usiku mmoja.

Hesabu iliyotangazwa 2024 ilikuta chui hao 718 India nzima, 477 kati yao wakiwa Ladakh. Zizi la kizamani la huko ni ukuta wa mawe, juu wazi. Chui akirukia ndani, mbuzi na kondoo huhangaika huku na huku bila pa kutokea, naye huua kila anayempitia mbele, wengi kuliko atakaoweza kula. Kukicha anaweza kukutwa mle mle, na hasira za wenye mifugo humwishia yeye.

Ukuta usipungue mita 2.4, na jiwe lisichomoze kwa nje, maana atalikanyaga apande. Juu panga mirunda, kisha tandaza wavu wa chuma, uufunge kwa waya kwenye kila mrunda. Wavu hupitisha hewa na mwanga. Theluji ikilala juu yake ikunguteni mapema, na zizi likiwa pana simamisheni nguzo katikati, la sivyo wavu utalegea na kuacha upenyo pembeni. Mlango ubane juu na chini. Wengi hujenga ukuta imara wakaponzwa na mlango. Kosa jingine ni kupima zizi kwa mifugo ya leo: wakizaa, vitoto hulala nje.

Wanakijiji watoe mawe, udongo na nguvu zao, wafadhili walete wavu, mirunda na mlango. Hilo naliunga mkono kabisa, kwa kuwa zizi la kupewa bure likibomoka hakuna anayeligusa.

Paa halimsaidii yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, aliye malishoni. Kule Baltistan, kaskazini mwa Pakistan, mtafiti Shafqat Hussain alianzisha bima ya mifugo 1999: mfugaji hulipa ada kwa kila mnyama katika mfuko mmoja, na mfuko wa pili ulipangwa ujazwe na mapato ya utalii. Madai hukaguliwa na kamati ya kijiji, na majirani wanajua mbuzi wa nani alikuwa mgonjwa tangu juzi.

Nitumie urefu na upana wa zizi lenu la Meru, maana chui wa huko naye ni mpandaji. Nitakukokotolea mirunda na wavu.

Wako,
Zuberi