Barua kwa Mwanangu Juu ya Neno "Sorry"

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, na nilicheka niliposoma kwamba mwenzako wa chumbani aliungua kidole kwa maji ya chai, ukamwambia "sorry", naye akakujibu kwa mshangao kwamba si kosa lako. Ulikuwa unampa pole, na Mwingereza hana neno la pole lililosimama peke yake.

Hayo yalinikuta nami zamani, nilipokuwa mhudumu wa hoteli huko Malindi. Mgeni alijikwaa ngazini, kiatu kikamtoka mguuni, nikamkimbilia huku nikisema "sorry, sorry". Jioni meneja aliniita akaniuliza ile ngazi niliimwagia maji saa ngapi.

Ajabu ni kwamba neno lenyewe "sorry" lilianza na maana iliyo karibu na pole yetu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", lililotokana na neno la maumivu, kwa hiyo aliyelitamka alieleza uchungu wa moyo wake, na maana ya kuomba radhi ikaja kushika nafasi baadaye. Uchungu huo haujatoweka, kwani hata leo mfiwa huambiwa "sorry", wala hakuna anayemdhania msemaji kuwa ndiye muuaji. Penye msiba, basi, litumie bila wasiwasi.

Sisi tumegawanya kazi: mwenye kosa husema samahani au kunradhi, maneno yaliyotujia kutoka Kiarabu, na pole tumemwachia kila aliyepatwa na jambo, hata anayelima juani. Lakini usije ukamtafsiria Mwingereza "pole na kazi", maana atadhani unamkejeli. Wao nao wana yao: ukimkanyaga mtu ndani ya treni, huenda yeye ndiye akasema "sorry", na likitamkwa kwa sauti ya kupanda maana yake ni kwamba hakukusikia. Mpaka Sheria ya Fidia ya mwaka 2006, ya Uingereza na Wales, ikabidi itamke kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Laiti meneja wangu angeishi chini ya sheria hiyo!

Siku nyingine mtu akiumia, mwulize kwanza kama yu salama, ndipo useme "sorry", naye ataisikia jinsi ulivyoikusudia. Je, kidole cha mwenzako kimepona? Mpe pole zangu, na umpe kwa Kiswahili.

Ni mimi baba yako.